Mto Mmoja, Reli Mbili

Msafiri anayetua Kinshasa Ijumaa jioni, mwenye viza zote mbili, anaweza kulala Brazzaville Jumamosi na kurudi kwao Jumapili na picha za miji mikuu miwili. Boti ya kasi kutoka bandari ya Beach Ngobila huvuka Mto Kongo kwa dakika chache. Foleni ya uhamiaji na forodha ndiyo inayokula saa. Ng'ambo atapelekwa kwenye kaburi la Pierre Savorgnan de Brazza, jengo la marumaru lililofunguliwa mwaka 2006, aone na paa la kijani la Basilika ya Mtakatifu Anna, kisha mbio bandarini.

Toleo hili halimlaumu kwa haraka yake. Likizo ni fupi na nauli ni ghali. Tunachokataa ni simulizi anayouziwa njiani, kwamba miji hii ni kazi ya mikono ya wazungu wawili walioshindana, Brazza na Stanley.

Kushindana walishindana kweli. Mwaka 1880 Brazza alitia saini mkataba na Makoko, mfalme wa Wateke, akaiacha bendera ya Ufaransa mikononi mwa Malamine Camara, sajini kutoka Senegal. Stanley alipofika mwaka uliofuata alimkuta Malamine yupo imara, naye akajenga kituo chake ng'ambo ya pili, ilipo Kinshasa leo, na kukiita kwa jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kila mmoja alipataka pale kwa sababu ileile: kupanda juu kutoka Bwawa la Malebo, pale mto unapopanuka kati ya miji hii, meli hupita hadi Kisangani, na chini yake kuna maporomoko ambayo hakuna meli inayoyaweza. Aliyetaka kufikisha pembe na mpira baharini ilimbidi ajenge reli.

Zikajengwa mbili. Ya Wabelgiji, kutoka Matadi, ilichukua miaka ya 1890 hadi 1898, na hesabu rasmi zilikiri vifo 1,932. Wafaransa wangeweza kuitumia hiyohiyo. Walitaka yao, ndani ya ardhi yao, hadi Pointe-Noire, na kati ya 1921 na 1934 wakawatoa watu vijijini kwa nguvu, wengine kutoka mbali kama Chad, wakapasue milima ya Mayombe. Inakadiriwa waliokufa hawapungui 17,000. Hicho ndicho kisa cha miji hii miwili, na hakuna jengo la marumaru linalokisimulia.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu humo. Msafara wa Stanley ulioufuata mto huu hadi baharini mwaka 1877 uliondoka Unguja, ukaanzia bara Bagamoyo, na mizigo yake ilibebwa na watu wa pwani na bara yetu. Mmoja wao, Uledi, ndiye aliyeshika usukani wa mashua Lady Alice kwenye maji yale ya hatari. Stanley aliporudi Kongo, safari hii akitumwa na Leopold, aliajiri watu Unguja kwa mara nyingine. Ni jambo la kutia uchungu kwamba jina la Uledi linajulikana na wachache mno, hata Zanzibar kwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipata safari hiyo ya siku mbili, punguza jengo moja kwenye orodha yako, uende kwenye stesheni za reli, ya Kinshasa na ya Brazzaville, ukae hapo kidogo. Halafu simama bandarini uwaangalie wachuuzi. Kwa miaka mingi walemavu walivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni hadi juu, kwa kuwa kivuko kiliwapa nafuu ya nauli. Daraja la kuiunganisha miji hii limezungumziwa kwa muda mrefu. Bado watu wanavuka kwa boti.

Na kama nyumbani kwenu, iwe Unguja, Bagamoyo, Tabora au Kisangani, kuna jina la babu aliyekwenda na misafara ile, tuandikieni. Tutalichapa toleo lijalo, pamoja na yote mliyosimuliwa juu yake.