Barabara yenye urefu wa Katibu Mkuu 14

DIRISHANI
Na Rehema Kisaka

Sekretari mmoja ninayemfahamu, mama anayechapa bila kutazama vitufe, alijiwekea utaratibu wake kwenye kompyuta ya ofisi. Akiandika herufi mbili tu, km, mashine inamwandikia "Katibu Mkuu". Akiandika mwz, inakuja "Mheshimiwa Waziri". Ni kazi ndogo: ndani ya Microsoft Word kuna sehemu ya kusahihisha maneno papo hapo, unaingiza kifupisho upande mmoja na neno zima upande wa pili, basi. Mama akaenda likizo. Kijana aliyeshika nafasi yake akachapa taarifa ya miundombinu, taarifa ikapita mikononi mwa wakubwa wawili watatu, ndipo mtu akashtuka kwamba barabara ya kata ile ina urefu wa Katibu Mkuu 14.

Walioisoma walicheka, nami nilicheka. Kosa la namna hiyo halimdhuru mtu, kwa sababu hakuna atakayeliamini. Shida huanza pale mashine inapokosea kwa namna inayoaminika. Na programu hizi haziko tena kwa masekretari peke yao. Zinaingizwa kwenye mifumo ya hospitali, ya mawakili na ya wahandisi. Nyingine hufupisha maneno ili mtaalamu aandike haraka, nyingine hufumbua vifupisho ili anayepewa karatasi aelewe alichoandikiwa. Leo nazungumzia hizi za kufumbua, na nitakaa zaidi hospitalini, maana sijaona mahali penye vifupisho vingi kama huko.

Chukua mistari ya kawaida kwenye karatasi ya mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani: MVA done. Doxy 100 mg BD 5/7. TCA 2/52. Muuguzi anaisoma huku anatembea. BD ni Kilatini, mara mbili kwa siku. 5/7 ni siku tano, kwa kuwa wiki ina siku saba. 2/52 ni wiki mbili, kwa kuwa mwaka una wiki hamsini na mbili. Daktari angetaka miezi mitatu angeandika 3/12. Tulirithi desturi hii kwa Waingereza. TCA maana yake arudi tena, utaikuta zaidi kwa waliosomea Kenya na Uganda. Sasa mpe kompyuta mistari hiyo hiyo. Kwake 5/7 inaweza kuwa tarehe 5 Julai, na kama iliundwa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, ni tarehe 7 Mei. Mgonjwa ataambiwa ameze dawa mpaka mwezi ambao haujafika.

Hilo bado mtu anaweza kulishtukia. Tazama MVA. Katika wodi zetu za uzazi, hiyo ni njia ya kusafisha mfuko wa uzazi kwa bomba la kuvuta kwa mkono baada ya mimba kuharibika. Marekani, herufi hizo hizo tatu ni ajali ya gari. Ajali ya gari sisi huiandika RTA, na RTA nayo, ukienda kwa daktari wa figo, ni ugonjwa wa figo kushindwa kuondoa tindikali mwilini. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya Marekani inaweza kumwandikia mama aliyepoteza mimba kwamba alipata ajali barabarani, kwa lugha safi isiyo na doa. Akija kubeba mimba nyingine, daktari wa kliniki mpya atasoma ile karatasi na hatauliza chochote kuhusu ile iliyoharibika. Kwa nini aulize, wakati kila kitu kimeandikwa vizuri?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozisifu programu hizi bila kipimo. Kifupisho usichokijua kina adabu moja: kinakufanya uulize. Unarudi dirishani, "dada, hii ni nini?" Neno zima lililo potofu linakunyima hata hilo swali. Kwa hiyo programu inayokisia kimyakimya ni ya hatari kuliko fumbo lenyewe, hata ikipatia mara nyingi. Tena ikipatia mara nyingi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu watu huacha kuihakiki.

Si kwamba vifupisho vyenyewe ni salama. Mwaka 2004 chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali za Marekani, Joint Commission, kilitoa orodha ya vifupisho visivyopaswa kutumika tena. Herufi U kwa ajili ya uniti za insulini ilipigwa marufuku, kwa sababu ukiiandika kwa mkono na kuibana juu kidogo inageuka sifuri, na uniti 10 zinasomwa 100. Sifuri ya mkiani nayo ikakatazwa: 1.0 mg, nukta ikifutika, ni 10. Wakakataza MS, ambayo mmoja husoma mofini na mwingine salfeti ya magnesi, ile wanayochomwa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Mofini na magnesi! Dawa mbili zisizo na undugu wowote. Na utaona kwamba Wamarekani hawakununua mashine ya kufumbua MS. Walimwambia daktari aandike neno lote.

Mashine zenyewe zimeendelea sana, hilo lazima nilikiri. Za zamani zilikuwa na orodha tu, kama ile ya sekretari wetu: ukiona hiki, weka kile. Za sasa husoma sentensi nzima kwanza. Mwaka 2022 watafiti wa Google walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications, na njia waliyotumia inapendeza. Hawakwenda kuchimba mafaili ya wagonjwa ili kuifundisha mashine. Walichukua maandishi ya kawaida ya intaneti yenye maneno kamili, wakayafupisha makusudi, kisha wakaifundisha mashine kuyarudisha yalivyokuwa. Katika jaribio lao mashine ilipatia asilimia 97.6, na madaktari waliosajiliwa kwa ubingwa wakapatia 88.7. Wengi hunukuu namba ya kwanza. Mimi ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, kwa kuwa inasema madaktari wenyewe, wakisoma maandishi ya madaktari wenzao, hukosea zaidi ya kifupisho kimoja katika kila kumi.

Ila zile ni wodi za Marekani, kwa Kiingereza cha Marekani. Huko msukumo ulitoka kwa wagonjwa pia: tangu Aprili 2021 kanuni za nchi ile zinawapa haki ya kusoma maandishi ya daktari kwenye mifumo ya kompyuta bila kucheleweshwa, na waliyoyakuta mengi hayakusomeka. Kwetu mgonjwa bado anapewa karatasi mkononi, na anayemfumbulia ni mtoto wake wa kidato cha tatu, au mwenye duka la dawa.

Kuna jambo jingine ambalo mtengenezaji wa ng'ambo hawezi kuliona akiwa kwake. Sisi tunachanganya. Daktari anaandika "BP yake imepanda", sentensi nzuri kabisa ya Kiswahili cha wodini. Programu ya orodha inachomoa BP inachomeka shinikizo la damu, na unapata "shinikizo la damu yake imepanda". Iliyo sahihi ni "shinikizo lake la damu limepanda". Ona kilichotokea: "yake" imebadilika na kuhama mahali, "imepanda" imebadilika. Kufumbua herufi mbili kumelazimisha sentensi nzima isukwe upya. Vivyo hivyo "MRDT ilikuwa hasi" lazima iwe "kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi". Kwa Kiingereza unaweza kuchomoa na kuchomeka na sentensi ikabaki imesimama, lakini kwa Kiswahili ngeli zitakusuta. Anayekuuzia programu akisema "inafanya kazi kwa Kiswahili pia", mpe sentensi ya BP hapo hapo mezani.

Halafu lipo la siri, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Si kila kifupisho kiliandikwa kwa haraka. Vingine viliandikwa kwa huruma. Miaka ile UKIMWI ulipokuwa aibu ya ukoo mzima, wahudumu katika hospitali nyingi za Afrika waliandika RVD au ISS kwenye mafaili badala ya kutaja virusi kwa jina, ili shemeji atakayelibeba faili kutoka dirisha moja hadi jingine asijue. Herufi hizo zingalipo. Ukiipa programu amri ya kufumbua kila kitu, itachapa ukweli wote kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi itakayokaa juu ya meza ya sebuleni. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kujua, tena kwa neno kamili na kwa mdomo wa binadamu. Wageni wa sebuleni hawana haki hiyo.

Na siri ina mlango mwingine. Programu nyingi za bure hazifanyi kazi ndani ya kompyuta yako, hukupeleka mtandaoni. Karani anabandika ripoti nzima ya mgonjwa, anabofya, anapata maneno mazuri, na ripoti hiyo imeshasafiri hadi kompyuta za watu asiowajua. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wenzetu wa Kenya wana yao ya 2019, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Karani hajavunja sheria kwa ubaya. Alitaka kusaidia tu.

Mahakamani nitapita haraka. Mwanasheria wa Dar es Salaam akiandika Cap. 16 anamaanisha Kanuni ya Adhabu, lakini wa Nairobi anaitafuta Kanuni yake ya Adhabu kwenye Cap. 63. Programu isiyouliza uko nchi gani haifai hata kuanza. Na RC kwenye barua ya wilaya ni Mkuu wa Mkoa, kwenye fomu ya kujiunga na shule ni dhehebu la mtoto.

Vipo pia visivyohitaji kufumbuliwa kabisa. Mtu aliyepigwa ukimwambia alete Fomu ya Polisi Namba Tatu atakukodolea macho, ukimwambia PF3 anajua aanzie wapi. UTI imeshakuwa Kiswahili, mama ntilie anaijua. TAMISEMI ukiirefusha unapoteza nusu ya wasikilizaji kabla hujafika kwenye Serikali za Mitaa.

Kwa hiyo kabla hospitali haijatangaza zabuni ya programu ya kufumbua, ingekuwa vyema ikaandaa orodha yake yenyewe. Wanaozijua herufi hizi si wataalamu wa kompyuta. Ni wauguzi, wafamasia wa dirishani na makarani wa masjala, ambao kwa miaka wamekuwa wakifumbua kwa mdomo: "Mama, hii ni kimoja kutwa mara mbili, usiache katikati." Waketishwe meza moja, wapewe chai na posho halali, waandike kila kifupisho kinamaanisha nini katika idara ipi, kipi hakifumbuliwi mbele ya mtu mwingine, na kipi kina maana mbili. Kile chenye maana mbili, mashine isikiguse. Ikipigie mstari mwekundu, imsubiri daktari aliyekiandika achague, na herufi za asili zibaki zinaonekana pembeni.

Na orodha ipitiwe kila mwaka. SP ilikuwa dawa ya malaria ya kila mtu hadi katikati ya miaka ya 2000, ilipokuja dawa ya mseto, ALu. Leo ukiikuta SP kwenye kadi ya kliniki, ni ya kumkinga mjamzito asipate malaria. Na kama mgonjwa ameletwa na polisi, soma kwa uangalifu mstari unaosema "ameletwa na SP", kwa maana huyo ni Mrakibu wa Polisi.