Pesa ziweke kwenye lenzi, si kwenye kamera

Wadau, kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilinunua kamera mpya hapa Ruiru, nikaishiwa, na kinyonga aliye kwenye ua wa mama kule Thika akatokea kama kitone cha kijani! Kwa anayeanza, Canon 700D ya mtumba (pikseli milioni 18) inatosha kabisa. Hela nyingine zote ni za lenzi. 50mm f/1.8 STM ni ya bei nafuu, lakini hulenga kuanzia sentimita 35 na kukupa ukubwa wa 0.21 tu. EF 100mm Macro hufika 1:1: kitu cha milimita 22 kinajaza picha. Funga hadi f/8, lenga jicho. Na kinyonga mwache uani. Kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa kwa sheria ya 2013.