Mafunzo ya kupambana na rushwa yaanzie kwenye gunia la mpunga

Mafunzo ya uwazi na mapambano dhidi ya rushwa kwa asasi za kiraia yamefanyika nchini kwa miaka mingi. Washiriki hupewa makabrasha, hulipwa posho, kisha hurudi makwao. Swali ni moja: mkulima wa mpunga wa Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, anafaidika nini?

Kwa maoni yangu, mafunzo hayo yatakuwa na maana iwapo yataanza na jambo linalomgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo kila msimu, yaani ushuru wa mazao.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua magunia 100 ya mpunga kwa Sh60,000 kila moja, jumla Sh6 milioni. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa hadi asilimia 2 na wa mazao ya biashara hadi asilimia 3. Kwa kiwango hicho, ushuru wa mzigo huo ni Sh120,000, na kisheria anayelipa ni mnunuzi, si mkulima.

Mkulima asiyelijua hilo anaweza kukatwa ushuru kwenye bei ya gunia akadhani ndio utaratibu. Mnunuzi naye akishawishiwa kutoa Sh50,000 bila stakabadhi ili "yaishe", ataona amepata nafuu ya Sh70,000. Kumbe halmashauri imepoteza Sh120,000 zote, na barabara anayopitisha mzigo inabaki na mashimo. Zaidi ya hayo, mbele ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa.

Kwa hiyo vikundi vya kijijini vifundishwe mambo matatu: kudai na kusoma stakabadhi, kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kuuliza maswali katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Wakinyimwa taarifa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wakiona dalili za rushwa, namba ya Takukuru ni 113, bila malipo.

Wapo watakaosema kutangaza hesabu hakuzuii wizi. Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Uchunguzi ulibaini kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha zilikuwa zikifika. Matangazo hayakuwa sababu pekee, lakini wazazi na walimu walijua cha kudai.

Mwisho, asasi nazo zianze na nafsi zao. Inayofundisha uwazi ibandike bajeti yake ya mafunzo, posho na kodi ya ukumbi vikiwemo, kwenye ubao wa kijiji inachokihudumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu ujao, mkulima na mnunuzi wasiachane kabla ya kuiona stakabadhi.