Cheti tunacho, mbona bado tunaitwa wakimbizi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero yetu wakazi wa Katumba, mkoani Katavi. Wazazi wetu waliikimbia Burundi mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa ushuru. Baadaye Serikali iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa. Baba yangu aliukana uraia wa Burundi. Cheti chake amekitia kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za sikukuu.

Hata hivyo, kijana akienda kuomba barua ya utambulisho, bado yupo mtendaji anayemwambia, "Nyie wakimbizi subirini kwanza." Kijana mwenyewe kazaliwa hapa hapa! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelishika zaidi ya miaka 50.

Tunaomba halmashauri ziwaelekeze watendaji wao: mwenye cheti ahudumiwe kama raia mwingine yeyote, bila kuulizwa babu yake alizikwa wapi.

Mkazi wa Katumba,
Katavi