Adamu Alikuwa Wapi?



Vijana wetu wa Kisangani wanatunga mashairi juu ya uumbaji na anguko la mwanadamu, nasi makatekista twafurahi kuyasikia parokiani. Edeni imekuwa msitu wetu, na mito yake yanguruma kama maporomoko ya Wagenia. Hilo si kosa. Mathias Mnyampala, mlei Mkatoliki wa Tanzania, aliitungia Injili utenzi uliochapwa mwaka 1963. James Weldon Johnson, Mmarekani mweusi, katika shairi lake la uumbaji lililomo katika kitabu chake cha mwaka 1927, alimfananisha Mungu afinyangaye udongo na mama aliyemwinamia mtoto wake. Mashairi ya namna hiyo huyafungua Maandiko.

Tunalolikataa ni jambo moja. Katika mengi tunayoyasikia, Eva yuko peke yake na nyoka. Adamu hurudi tunda likiwa limekwisha kuumwa, mpole, wa kuhurumiwa. Kisha makofi hupigwa, na sisi wanaume ndio tunaoyapiga kwa nguvu.

Picha hiyo ni ya washairi. Milton, Mwingereza, aliwatenganisha wawili hao katika utenzi wake wa mwaka 1667, Eva akajaribiwa akiwa peke yake. Lakini kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, aya ya 6, katika Kiebrania, chasema kwamba mume aliyepewa tunda alikuwa pamoja naye. Hatusomi popote kwamba alikataza. Mungu alipomwita, alimsukumia lawama mwanamke, na hata Mungu aliyempa mwanamke huyo. Basi mashairi yetu yameuchukua utetezi wa mshitakiwa, yakauita Neno la Mungu!

Mtu atatuambia: Waraka wa kwanza kwa Timoteo wasema aliyedanganywa ni mwanamke. Ni kweli. Nasi twamwuliza: aliyedanganywa na aliyekula bila kudanganywa, ni yupi mwenye hatia kubwa zaidi? Kwa Warumi, Mtume asema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, naye amtaja Adamu. Na usiku wa Pasaka, Mbiu yetu huitaja dhambi ya Adamu.

Sisi tuliosomea ualimu tumeyaona matunda ya uongo huu. Msichana apatapo mimba, yeye hukunja madaftari yake na kurudi nyumbani. Mvulana hubaki darasani, wala hakuna amwulizaye neno. Katika vikao vya ndoa, mke huambiwa kwamba dhambi ilianza kwake. Anayesema hivyo hudhani anahubiri.

Enyi watunzi, tungeni bila hofu. Ila mrudisheni Adamu chini ya ule mti, asimame pale alipokuwa, mdomo wake ukiwa umefumbwa na mkono umenyoshwa. Nasi wanaume tukisikia shairi hilo, tusiharakishe kupiga makofi. Swali la Mungu bustanini, la kuuliza mtu yuko wapi, lilielekezwa kwanza kwa mwanamume. Hata leo latungoja tulijibu.