Mkimbiaji Hajengwi kwa Mkesha Mmoja

Kila ufikapo muhula wa tatu, shule zetu nyingi za upili huandaa siku ya maombi kwa ajili ya watahiniwa wa KCSE. Wazazi hualikwa, wahubiri huitwa, na kalamu huinuliwa juu zipate kuombewa. Sina ugomvi na siku hiyo. Mtoto anayekabiliwa na jambo zito astahili kuombewa na wakubwa wake. Ninachouliza ni hiki: je, mtoto huyo alifundishwa lini kusali?

Nalileta swali hili kwa wenzangu walimu kwa njia ya lugha, maana ndiyo kazi yangu. Neno mazoezi linatokana na kitenzi zoea. Zoezi, basi, si tendo la mara moja, hata likiwa kubwa kiasi gani. Ni tendo lililorudiwa hata mwili ukalikubali. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, Mtume Paulo anatumia kitenzi cha Kiyunani gymnazo, kilichotoka katika viwanja ambamo vijana wa Kiyunani walifanya mazoezi wakiwa uchi, kwani gymnos ni uchi. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya 1952 wakaandika "ujizoeze". Kwa maoni yangu, walilenga shabaha.

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia iliziona hizo dakika. Haikuziona asubuhi za miaka mingi kule Kaptagat, wala madaftari anamoandika mazoezi yake. Isitoshe, wengi hudhani mkimbiaji hodari hukimbia kwa kasi kila siku. Sivyo. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ni mbio za taratibu, zisizo na shangwe wala mtazamaji. Ndizo ziuzoezazo moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Akiziacha kwa wiki chache tu, faida hiyo huanza kumponyoka.

Hapa ndipo vijana wetu Wakristo wanapopotoshwa. Wamefundishwa kwamba sala isiyotoa machozi au kelele haikufika. Kumbe sala nyingi za kila siku ni kavu! Mtu husoma zaburi yake huku akipiga miayo, akanyamaza kidogo, akamkumbuka jirani mgonjwa, akaenda zake darasani asihisi lolote. Hizo ndizo mbio zake za taratibu. (Mwanafunzi Mwislamu anayeswali mara tano kwa siku hahitaji kuelezwa jambo hili.)

Mfano wa wazi uko Iten. Bruda Colm O'Connell, mtawa wa shirika la Patrician, alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuja kama mkufunzi wa riadha. Hata hivyo, ndiye aliyemlea kimichezo David Rudisha, aliyeshinda mbio za mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Sishangai. Mtu aliyeyapanga maisha yake kwa saa za sala anaujua uzito wa kurudia.

Hata hivyo, mfano huu una kikomo. Mbioni hushinda mmoja, na medali ni haki ya miguu yake. Neema si ujira, wala anayesali kila alfajiri hamdai Mungu chochote, hata alama ya A. Mazoezi ya roho humweka mtu mahali anapoweza kupokea, basi.

Nasi walimu tu wepesi wa kuvikata vyote viwili. Kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha hisabati. Sala ya asubuhi husomwa mbiombio ili matangazo ya karo yapate nafasi. Kisha mwezi wa Oktoba twamwita mhubiri. Injili ya Marko ina sura 16. Darasa likisoma sura moja kila siku ya shule, kwa dakika kumi, bila mahubiri, litaimaliza katika wiki ya nne ya muhula wa kwanza, na bado litakuwa na Luka na Zaburi 150 mbele yake.