Taa ya ndege nayo ni mtaji

MWANZA: Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa walioungana kununua ndege ndogo kwa hisa hupiga hesabu ya mafuta, injini na bima. Hesabu ya taa ya kutua huachiwa fundi. Hilo ni kosa, kwani taa hiyo inagusa mfuko wa kila mwenye hisa.

Ndege nyingi za zamani za aina ya Cessna zilitoka kiwandani na balbu ya waya ya Wati 100, ambayo umri wake unakadiriwa kuwa saa 25 tu. Ndege yenye safari nne fupi kwa siku, ikiwasha taa dakika 10 kila safari, humaliza balbu hiyo kwa siku 37 hivi. Mtikisiko wa injini huweza kuikata mapema zaidi. Balbu si ghali. Kilicho ghali ni siku ambayo ndege inalala chini ikisubiri kipuri, na abiria wamekwisha lipa nauli.

Taa za LED huuzwa kwa dola mia kadhaa, lakini hudumu maelfu ya saa na hula umeme kidogo. Hesabu hii si ngeni Mwanza. Wavuvi wa dagaa wamekwisha ipiga majini walipolinganisha mafuta ya taa ya karabai na taa za LED.

Aidha, Mwanza ina sababu yake ya pekee. Kongoti na ndege wengine wa porini hujaa ufukweni, hasa karibu na masoko ya samaki. Marubani wengi huwasha taa hata mchana ili waonekane mapema na ndege hao pamoja na marubani wenzao. Mwenye balbu ya saa 25 huizima ili kuibania. Mwenye LED hana sababu ya kuzima.

Hata hivyo, mtego upo kwenye makaratasi. Taa inayofanana na ya ndege hupatikana katika maduka ya vipuri vya magari kwa bei ya chini sana. Taa ya namna hiyo haina kibali cha kufungwa kwenye ndege, na isipokingwa vizuri huweza kuingiza mvumo kwenye redio ya rubani. Taa halali huja na cheti kinachotaja aina ya ndege inayoruhusiwa. Hufungwa na fundi mwenye leseni, kazi huandikwa kwenye kitabu cha ndege, na taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) hufuatwa. Bila hayo, kampuni ya bima hupata sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Rahisi ni ghali.

Jambo la mwisho ni tamaa. Mwanza jua huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Taa mpya inaweza kumshawishi mwenye ndege kuongeza safari moja ya jioni. Lakini viwanja vingi vidogo vya kanda hii havina taa za njia ya kurukia, na juu ya ziwa mwanga wa ndege hauna kitu cha kumulika. Taa za wavuvi nazo huweza kuchanganywa na nyota. Februari 2000, ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 iliyokuwa ikija Mwanza kuchukua samaki iliishia ziwani usiku ikijaribu kutua. Wahudumu wote watano walinusurika. Hiyo ilikuwa ndege kubwa, yenye taa kubwa.

Mwenye hisa na anunue taa bora, adai cheti kabla ya kulipa, kisha ndege yake iwe chini kabla ya magharibi. Faida ya safari moja ya jioni haitoshi kununua ndege nyingine.